Flashi ya Kaswida

Jumatatu, 8 Septemba
Tumekata turubai tangu asubuhi. Kazi ya kambi ya jeshi: vifuniko vya magari yao. Michoro imo kwenye kompyuta ya ofisini, ile isiyounganishwa na intaneti. Masharti yao yamenitoa jasho. Simu zibaki nje. Nywila niijue mimi tu. Kifaa kisicho chao kisichomekwe. Likitokea lolote, taarifa siku hiyohiyo. Mafundi nimewasomea, kisha nikaweka sahihi kwamba kila mtu ameambiwa.

Kila mtu isipokuwa shangazi Mwanahawa. Ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Nimsomee masharti kama mtoto wa chuoni? Niliona haya.

Alhamisi, 11 Septemba
Ya Rabi. Nilikwenda kuswali adhuhuri, kompyuta nikaiacha wazi. Narudi, kaswida imetanda karakana nzima. Mfungo sita huu. Shangazi kachomeka flashi yake ili watu washone na maulidi. Nikaichomoa. Nikatabasamu kinafiki, nikamwambia ahsante.

Alasiri michoro haifunguki. Maandishi mekundu ya Kiingereza tu: mafaili yamefungwa, lipa. Virusi.

Taarifa siku hiyohiyo. Sikutoa.

Ijumaa, 12 Septemba
Sijapata usingizi. Gari likipunguza mwendo nje, nachungulia dirishani. Rashidi, mume wangu, anasema nimpelekee kompyuta fundi wake afute kila kitu, nani atajua?

Nikaibeba mpaka kwa fundi. Kanyoosha mkono kuipokea. Nikageuka nayo. Na kama michoro imeshafika kwa watu wabaya? Ndani ya magari yale watakaa vijana wa watu. Rashidi kanuna. Na anune.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimepiga simu kambini. Afande hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kasema nisiiguse kompyuta. Kauliza nani aliyechomeka. Nikasema sijui.

Muongo mkubwa mimi. Kama wakinifunga, wanangu watalelewa na nani?

Jumatatu, 15 Septemba
Wamekuja watatu, nguo za kiraia. Wakauliza tena, nani. Sijafungua kinywa, shangazi kainuka, kajitanda kanga yake vizuri. "Ni mimi, mwanangu." Huyo anayemwita mwanangu ni afande!

Wameichukua kompyuta, wamemchukua na yeye. Mtu mzima yule, ana presha, na dawa zake kaziacha dirishani. Mimi nimesimama tu na mkasi mkononi. Najichukia. Naogopa na bado najichukia.

Jumatano, 17 Septemba
Shangazi karudi jana magharibi. Hawakumgusa, alhamdulillahi. Walimuuliza kama hakuambiwa masharti. Kawajibu aliambiwa mara chungu nzima, ni ukaidi wake tu wa uzee. Ananisimulia huku anacheka. "Ningesema hukuniambia, si wangekufunga?"

Leo afande kapiga. Mafaili yalifungwa tu, hakuna kilichotoka nje. Kazi iendelee. Ila yule bibi mkaidi asikanyage tena hapo karakana.

Nikamjibu: sawa, afande.

Jioni nimempelekea shangazi cherehani yake nyumbani. Kaipangusa vumbi, kaiweka barazani penye mwanga. Halafu akaniuliza kama nimekula.