Msimbo wa Kipimo Kisichofanyika

Alhamisi. Mawingu mazito tangu asubuhi, lakini mvua haikunyesha. Joto la kunata shingoni.

Sijala kitu tangu chai. Mama amenifunikia wali na samaki mezani, ameniuliza mara mbili kama naumwa. Nimemwambia kichwa. Si kichwa.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu hapa hakuna anayejua mimi ni nani. Majina nimebadilisha, langu na ya wengine.

Kazi yangu ni ya dirishani, kwenye maabara ya zahanati moja ya binafsi hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Vibarua wa mradi wa gesi wa Afungi, wapishi, wafagiaji na madereva, wote huletwa kwetu kupimwa mkojo kama wanatumia suruma, yaani bangi, au dawa nyingine za kulevya. Mimi simpimi mtu. Mimi naingiza misimbo kwenye kompyuta, ili bima ijue ilipie kipimo gani.

Misimbo ni mingi, lakini miwili ndiyo yenye uzito. Wa kwanza ni wa kikombe. Mtu anakojoa, kijikaratasi kilichomo ndani kinatoa mistari, na mstari ukikosekana maana yake kuna shaka. Shaka tu. Kikombe hakiwezi kutofautisha kasumba na dawa ya kikohozi. Msimbo wa pili ni wa uhakiki. Chupa ya pili ya mkojo uleule, yenye muhuri na saini ya mwenyewe, inatumwa kwenye maabara kubwa ambako kuna mashine inayoitaja dawa kwa jina, na bima huulipia zahanati pesa nyingi kuliko kikombe.

Kampuni hazimfukuzi mtu kwa msimbo wa kwanza. Zinangoja wa pili, unaoingizwa mashine ikishaitaja dawa.

Tarakimu ni tano, na inayotofautiana ni ya mwisho peke yake. Kidole kikisogea kitufe kimoja, mtu anakosa kazi.

Leo saa tatu alikuja Selemane. Ni mpishi, mzaliwa wa kisiwa cha Rongui, mtu mzima mwenye sauti ya chini. Namfahamu kwa sura, kwa sababu kila akija kupimwa huniulizia hali ya mama. Leo hakuuliza. Shingoni hakuwa na krasha, kile kitambulisho cha kupitia getini. Walimvua jana.

"Dada Mwanaasha," alisema, "mimi sivuti hata sigara. Nimeambiwa kipimo cha pili kimenikamata. Naomba nikione."

"Ulikuwa unatumia dawa yoyote, kaka?"

Akatoa kichupa mfukoni, akakiweka dirishani. Dawa ya kikohozi, ile yenye kodeini. Lebo ilikuwa ya zahanati yetu wenyewe.

Nilifungua jina lake kwenye kompyuta. Msimbo wa kwanza ulikuwepo, wa wiki iliyopita, nimeuingiza mimi. Msimbo wa pili nao ulikuwepo, umeingizwa Jumanne. Pembeni yake, kwenye nafasi ya aliyeandika, lilikuwa jina langu.

Jumanne mimi nilikuwa Pundanhar, tunamzika baba mdogo.

Sasa niseme lile linalonitia aibu. Senha yangu, neno langu la siri, nilimpa shefe, mkuu wetu wa zahanati, miezi mingi iliyopita. Alinitazama kwa upole akasema ni kwa ajili ya mambo ya dharura, siku ambazo sipo. Nilijisikia mtu wa kuaminiwa. Tulikuwa tumerudi Palma baada ya kukimbia vita, tumekuta nyumba haina bati wala milango, na mimi katika wote nilikuwa nimepata kazi ya kukaa kwenye kiti. Angeniomba kitu gani nikatae?

Na kuna lingine. Lile sanduku la barafu la kusafirishia chupa, nililiona mara kadhaa limebaki stoo siku ya gari kuondoka. Nikajiambia labda kuna gari jingine.

Nilijua. Nilinyamaza.

Nilimwomba Selemane anisubiri kwenye benchi, nikaenda kufungua jokofu la stoo. Sikuhitaji kutafuta. Chupa zilikuwa zimejaa rafu ya chini, za miezi na miezi, kila moja na muhuri wake mzima. Majina niliyoyasoma yalikuwa ya mwandiko wangu mwenyewe. Dereva aliyehamia Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, na wanawe. Mama mmoja wa usafi ambaye mumewe alimrudisha kwao, akisema hawezi kukaa na mlevi wa dawa. Kibarua mmoja kutoka bara, ambaye bila krasha alishindwa kujieleza kwenye kizuizi cha barabarani, na mpaka leo ndugu zake hupita zahanati kuuliza kama tumemwona.

Wote wana msimbo wa pili. Hakuna chupa hata moja iliyofunguliwa.

Nilikuwa nimeshika ya Selemane nilipohisi mtu nyuma yangu. Shefe havai viatu vyenye kishindo.

"Dona Mwanaasha. Pole kwa msiba. Mmezika salama?"

"Tumezika, shefe. Ahsante."

"Kesho watu wa bima wanakuja kukagua. Chupa hizi za zamani zichomwe leo, kabla ya adhuhuri."

"Hii si ya zamani. Na haijatumwa."

Aliitazama chupa, halafu akanitazama mimi. Hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Wakaguzi hawasomi chupa," alisema taratibu. "Wanasoma msimbo na jina la aliyeuandika. Wewe una mama mzee nyumbani, mwanangu. Usijitafutie makubwa."

Akaondoka. Nilisimama pale mlango wa jokofu ukiwa wazi, baridi inanipiga magotini, chupa ya Selemane bado mkononi.

Sijui ujasiri ulitoka wapi, na sitaki kuuita ujasiri, kwa sababu ulikuwa mdogo sana. Kwenye fomu wanazosaini wafanyakazi, chini kabisa kwa maandishi madogo, imeandikwa kwamba mtu ana haki ya kudai chupa yake ya pili ipimwe kwingine. Miaka yote hii sijaona aliyeidai, na mimi sikuwahi kumsomea mtu.

Nilimsomea Selemane. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe yaliandikwa."

"Yaliandikwa, kaka. Nisamehe."

Alichukua kalamu. Akaweka saini. Nikaandika kwenye daftari la kusafirisha, kwa kalamu, maneno haya: haikutumwa, imekabidhiwa leo, muhuri mzima. Tukaitia chupa kwenye barafu, tukaipeleka pamoja hospitali ya wilaya, na muuguzi aliyeipokea akagonga muhuri kwenye nakala mbili za fomu. Moja anayo Selemane, moja ninayo mimi. Akasema itapelekwa Pemba na majibu yatachukua muda. Selemane alimshukuru kana kwamba amepewa majibu yenyewe.

Niliporudi nilifuta msimbo wa pili wa Selemane. Sababu niliandika: kipimo hakikufanyika. Nikafungua jina la yule mama wa usafi nifanye vilevile, kompyuta ikanikatalia. Senha yangu imefungwa. Kwa hiyo kuna mtu alikuwa ananifuatilia, mstari kwa mstari, huku mimi nikidhani niko peke yangu.

Dirisha la nyuma lilianza kuingiza moshi kabla ya adhuhuri. Moshi mweusi wa plastiki. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikamwona mtu wa usafi anachochea pipa kwa mti mrefu, mdomo kaufunga kitambaa. Rafu ya chini ya jokofu ilikuwa tupu, imepanguswa.

Nimeokoa chupa moja. Zile nyingine nilizisoma majina, nikaziacha.

Saa kumi nimefika nyumbani, mama akaniambia gari la zahanati lilisimama hapa nje. Dereva hakushuka. Aliuliza tu kama huwa narudi peke yangu, na kwa njia ipi. Mama alifikiri wanataka kuanza kunileta kwa gari. Alifurahi.

Nimehamishia mkeka wake chumbani kwangu, nimesingizia mbu.

Simu imeita mara tatu kutoka namba nisiyoijua. Napokea, hakuna anayezungumza. Kuna mtu anapumua, halafu inakatika.

Nimefikiria kutokwenda kesho. Nimefikiria kwenda Pundanhar kwa mama mdogo, nikae eda naye, nilime, nisahau tarakimu. Lakini nikikimbia, jina litakalobaki kwenye kila msimbo ni langu, na atakayeulizwa niko wapi ni mama.

Kwa hiyo nitakwenda, na nitakaa dirishani kwangu. Wakaguzi wakiuliza nani aliandika misimbo ile, nitawaambia nani alikuwa na senha yangu, na nitawaambia kwamba mimi ndiye niliyempa. Nitawatajia kila jina ninalolikumbuka.

Naogopa. Naliandika hili leo na kuliweka hapa, ili asubuhi woga ukinizidi nisiweze kusema sikuahidi.