Omena Madhabahuni

Liz, wacha kila kitu usome. Roselyn wetu ametuaibisha hapa Sindo.

Mvua imemkuta ufuoni akianika omena, vile visamaki vyake vya kuuza. Ameizoa yote mbio hadi kanisani, akaimwaga juu ya madhabahu. Kwa kile kitambaa cheupe. Omena mbichi, Liz. Madhabahuni.

Pasta ameingia akaganda mlangoni. "Roselyn, hii ni kufuru."

Roselyn hata hajageuka, anatandaza tu. "Kufuru ndiyo nini, pasta?"

"Ni kuchukua kitu kitakatifu ukakifanya cha sokoni."

"Na Jumapili ukipokea omena hapa hapa kama sadaka?"

"Kufuru," pasta amerudia, sasa kwa ile sauti ya mahubiri.

Nyuma yake mlango umefunguka. Mama Pasta mwenyewe, amelowa chapachapa, karai la omena kichwani.

"Roselyn, sogeza omena yako kidogo."