Tumbo la Bonareri

Jumapili, 6 Machi 1994
Wewe daftari, ulikuwa wapi tangu Krismasi? Umelala tu chini ya godoro, na mimi nina maneno! Mwalimu wa ngumbaru, anayetufundisha sisi wazee kusoma, alisema niandike kila siku. Haya, tusilaumiane.

Mjukuu wangu Omwenga ameoa. Bonareri—miezi miwili sasa. Tunakaa sote ploti moja hapa Awendo: wao, mwanangu Momanyi na Kezia wake, na mimi. Tumbo la Bonareri limevimba. Chakula anagusagusa tu. Kezia anacheka peke yake, anafuma kofia ya mtoto. Mimi naona mengine. Hilo si tumbo la mtoto.

Jumanne, 8 Machi
Nimemwita Bonareri, nikafunga mlango. Mama mkwe ana aibu, nyanya hana. Wewe, choo ulienda lini? Akaficha uso. Magokoro, nyanya yangu, usiniulize! Nikauliza tena. Jumatatu ya wiki iliyopita. Siku nane!

Kumbe ni choo. Kwetu Kisii mke wa mwana haingii choo cha baba mkwe. Nyumbani kila mtu ana chake—hapa ploti nzima ina kimoja. Basi msichana anajizuia. Maji hanywi, mboga hali, asije akabanwa. Mjinga wangu huyu! Nimemshika, tukalia wote.

Alhamisi, 10 Machi
Dispensari. Hakuna mimba. Sista amesema ni choo kimekauka ndani kwa kujizuia na kukosa maji. Amempa dawa. Anywe maji, ale mboga na papai, na akisikia haja aende, asingoje. Akitapika, arudi mbio.

Kezia ameweka uzi chini. Nimemwambia amalize kofia, kichwa kitakuja.

Momanyi nimemwambia waziwazi, Bonareri anajizuia kwa ajili yake. Akaruka: Mama, hayo si ya kusema! Nikamwambia, matako yako nimeyafuta mimi, utanifundisha ya kusema? Ametoka bila chai.

Jumamosi, 12 Machi
Sabato. Naandika nimekaa kwa kigoda, mlangoni pa choo. Jana Momanyi alisema, huku akiangalia kuku, eti siku hizi anapenda choo cha kanisani. Mwendo wote ule! Mwanangu.

Bonareri yuko ndani. Magokoro, upo? Nipo, mama. Sasa nasikia wimbo huko geti—Momanyi amerudi, amesahau Biblia. Anaimba kwa nguvu ndio tujue. Ameona kigoda changu. Amesimama nje, ametupa mgongo, bado anaimba. Nasikia komeo la ndani likiguswa. Usitoke, mama. Hakuna anayepita hapa.

Daftari, nikikufungua tena usinisalimie. Uliza kwanza Bonareri alitoka na uso gani.