Ng'ombe wa Mzee Saitoti

Handeni, Jumanne

Sikutaka kumkosea mtu. Nilitaka tu kuwaeleza wenzangu wa jukwaa la mtandaoni jinsi kompyuta inavyojifunza kukisia kiasi cha maziwa, nikaandika somo, nikatumia idadi ya ng'ombe wa jirani yetu, Mzee Saitoti. Na jina lake nikaliweka.

Kwa kabila lake kuhesabu ng'ombe ni mkosi. Nilijua, sijui kwa nini sikufikiri.

Mwanawe aliyeko Dar alilisoma somo hilo, akampigia simu baba yake. Jioni mzee akaja. Nikamwamkia, akaanza moja kwa moja:

"Binti, nani kakutuma uhesabu mali yangu? Ndama wangu amekufa."

Baba kasema nilifute, la sivyo simu anaichukua. Nimelifuta. Lakini watu walishalinakili, linasambaa.

Sasa hivi msomaji mmoja kaniandikia: "Asante, dada! Ng'ombe wa mzee wameongezeka?"

Mungu wangu, anataka niwahesabu tena. Na ndama mwingine akifa?