Kaka na Kaseti ya Dua

Mdogo wangu mpenzi,

Namshukuru Mungu tu wazima, isipokuwa kaka yetu, ambaye bado hajapona ujuaji. Juzi aliisafisha deki ya kaseti kwa pamba na spiriti. Ilipong'aa, akachukua kaseti ya dua ya marehemu mama ajaribie kurekodi.

"Kaka, hiyo siyo," nikamwambia.

"Mitambo niachie mimi. Wewe shika ufagio."

Sasa mama anakuombea wewe, ananiombea mimi, na akifika "Ee Mola, na kifungua mimba wangu," kaka mwenyewe anamkatiza: "Helo, helo, moja, mbili." Kajifutia dua kwa mkono wake.

Jana alikuja amenywea, akaniomba nimwombee badala ya mama. Nikamwambia ashike ufagio kwanza.

Mungu akutunze huko uliko,
Dadako