Mafiga Yametoka Pembeni

Mama,

Mafiga yako yamehama. Nimeona nikuambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa mwingine, ingawa sijui huko uliko habari hufikaje.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kijaluo ningelia kabla ya mstari wa pili, na Kiingereza ni cha kumwandikia mwalimu. Kiswahili kilikuwa chetu sisi wawili, kile ulichokuja nacho kutoka kwenu Tanzania ulipoolewa, ukanisemesha nacho jikoni ili Waya, dada yake Baba, asijue tunacheka nini. Waya alikuwa anaelewa kila kitu, Mama. Nimejua juzi.

Tangu tukuzike, Baba amerudi dukani kwake Migori na huja Ijumaa, kabla Sabato haijaingia. Waya amerudi Kendu Bay kwa watoto wake, huja anapoweza. Siku nyingine zote boma ni mimi na mdogo wangu Akinyi. Sikujua nyumba inaweza kunyamaza hivi. Nikitoka shule, nikifika pale kwenye ua wa ojuok, ile minyaa yako, bado masikio yananiambia mwiko unagonga sufuria. Naingia, hakuna kitu. Majivu tu.

Mimi ndiye ninayepika. Unajua nilishajengewa simba yangu, nyumba ya kijana, na kijana mwenye simba hakai jikoni. Lakini Akinyi yuko darasa la pili, na njaa haiangalii nani ana simba. Siku za kwanza vijana wanaoshuka ziwani kuoga waliniona nimechuchumaa nachambua omena. Mmoja akaita, "Ochieng', umeolewa lini? Walileta ng'ombe wangapi?" Walicheka mpaka wakapotea bondeni. Unajua mimi si mtu wa kujibu. Nikaanza kupika mlango umefungwa. Moshi wote ukawa wangu. Faida yake ni moja: ukilia humo, hakuna anayekuuliza.

Halafu kuna jiko lenyewe. Nisamehe, Mama, lakini jiko lako lilikuwa linanipiga. Mafiga kona ya kulia, yamebanwa na ukuta. Nikikaa kwenye kigoda chako kusonga ugali, kiwiko kinagonga ukuta kila ninapozungusha mwiko. Unga, chumvi, mtungi wa maji, vyote kushoto, kwa hiyo mkono wangu wa kulia unavuka juu ya moto kuvifuata. Nilikuwa nafikiri mimi ni mzito tu, kwamba wanaume ndivyo tulivyo jikoni. Nakumbuka Waya alivyokuwa akikutania: "Huyu mke wetu alipanga jiko kinyume, anapika akitazama kwao Tanzania." Na wewe bila kugeuka, "Na bado unaomba kuongezwa." Nilidhani ni utani wa mawifi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini kweli lilikuwa kinyume.

Wiki iliyopita mvuke wa sufuria ulinichoma mkono nikifuata chumvi. Waya alikuja Jumapili akaona. Akamtumia Baba ujumbe kwamba jiko hili litawamaliza watoto, lazima ligeuzwe: mafiga yaende kona ya kushoto, uchaga wa vyombo uletwe kulia, ukuta wa nyuma utobolewe dirisha. Mimi nilifurahi. Nakuambia ukweli. Nilifurahi kwamba nitapika kama mtu.

Alhamisi nilichelewa shuleni. Nilipofika nikakuta mlango wa jikoni uko wazi na moshi unatoka vizuri, umelala, kama ulivyokuwa ukitoka siku zako. Nilichungulia. Akinyi alikuwa amekaa kwenye kigoda chako, mgongo kwangu, anakoroga uji. Bega lake la kulia limeegemea ukuta pale ulipokuwa ukiegemea, pale palipolainika. Mkono wa kushoto ndio ulioshika mwiko. Alitaka chumvi, akanyoosha mkono huohuo, akaipata bila kutazama. Hakugonga kitu. Hakuvuka moto.

Mama, jiko halikuwa kinyume. Lilikuwa la mkono wako. Ulikata sukuma kwa kushoto, ulifagia kwa kushoto, ukiwa na wageni tu ndipo ulipohamia kulia, na mimi niliyeona hayo yote tangu nazaliwa sikuwahi kuyaunganisha na ukuta ule.

Akinyi aliponiona aliuangusha mwiko akaficha mkono nyuma. Shuleni mwalimu wao humchapa vidole akishika penseli kwa kushoto. Nilijua hilo, sikujua kwamba amefika hatua ya kunificha hata mimi. Akaniuliza, "Utamwambia Waya?" Nikasema hapana. Tukanywa uji wote. Ulikuwa na chumvi nyingi, nikamwambia ni mtamu.

Ijumaa Waya alikuja tena, na Baba akaja na Fundi Omolo. Unamjua, yule anayeongea na misumari mdomoni. Walianza mchana kwa haraka, kwa sababu chakula cha Sabato kilikuwa hakijapikwa na jua halimsubiri mtu. Omolo aling'oa mafiga, akayapanga nje kwenye nyasi. Kuyaona juani ilikuwa kama kumwona mtu mzima bila nguo. Akabeba la kwanza kulipeleka kona ya kushoto.

Nikasema, "Katikati."

Hakuna aliyesikia. Unajua sauti yangu. Nikasema tena. Waya akainua kichwa kwenye maharagwe aliyokuwa akichagua. "Jamani, Ochieng' anaongea? Ngojeni kwanza tusikie." Omolo akatoa misumari mdomoni. "Kijana, katikati moshi utawapiga uso wote. Na jua hilo linashuka. Mnataka Sabato iwakute bila mafiga?"

Nilichukua kaa nikachora ukutani, maana kuchora ni rahisi kuliko kuongea. Mafiga katikati ya ukuta wa nyuma, dirisha juu yake moja kwa moja, uchaga pande zote mbili, na nafasi ya kiwiko kulia na kushoto. Omolo akakuna kidevu. Akasema dirisha likikaa juu hivyo, sawa, moshi utatoka, lakini uchaga wa pili ni wa nini, ni kazi bure. Baba akaniuliza kwa upole, ule upole wake unaonitisha zaidi, "Kwa nini, Ochieng'?"

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno yote, ya lugha zote. Badala yake nikachukua sufuria tupu, nikaiweka sakafuni pale kwenye kona yako, nikampa Akinyi mwiko. Nikamwambia asonge.

Alinitazama kwanza. Halafu akamtazama Waya. Halafu akakaa, bega likaenda lenyewe kwenye ukuta, akasonga sufuria isiyo na kitu kwa mkono wa kushoto. Chuma kikalia ule mlio wako.

Baba alitoka nje. Nilimwona kupitia mlangoni, amesimama mbele ya mafiga kwenye nyasi, kofia mkononi. Waya alikuwa ameanza kusema, "Mkono huo utampa nani chakula," akaishia hapo. Akamtazama Akinyi. Halafu akasema kwa Kiswahili chako, kwa lafudhi yako kabisa, "Haya. Huyu naye anatazama Tanzania." Ndipo nilipojua kwamba alikuwa anatuelewa miaka yote. Akacheka, akajifuta uso kwa leso.

Baba akarudi amebeba figa kifuani, udongo umemchafulia shati la safari. Akaliweka katikati. "Chaga mbili, Omolo," akasema. "Na uharakishe."

Maharagwe yaliiva jua likigusa maji. Nilisonga upande wangu wa ugali, Akinyi akamalizia upande wake.

Lakini kona yako imebaki tupu, Mama. Omolo alitaka kuikandika upya afute masizi, nikamwomba aiache. Kuna ule mviringo mweusi chini, na juu kidogo pale bega lako lilipolainisha udongo. Baba amerudi Migori, Waya amerudi kwake. Akinyi akilala mimi huja kukaa hapo kidogo. Bega langu haliingii vizuri. Wewe ulikuwa mfupi kuliko nilivyokukumbuka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, sijamwambia mtu.

Basi nikuache upumzike. Nakuahidi mawili. Jumatatu nitampeleka Akinyi shuleni, nitasimama mbele ya mwalimu wake niseme juu ya ule mkono. Nimeandika maneno kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, nitatumia yale yatakayokubali kutoka, na yakikataa yote nitabaki nimesimama hapo mpaka aulize.

La pili nimeshalianza. Leo nimepika mlango wazi. Wale vijana walipita, wakaita yale yale. Moshi ukatoka juu dirishani, na mwanga ukaingia mpaka kwenye kona yako.

Mwanao,
Ochieng'