Baiskeli Iliyokuja Kimya

Msasani,
Tukuyu.
15 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Felista,

Ugonile? Baridi ya huku imetushika mpaka kwenye meno, lakini tunaamka na kusimama. Ninyi huko Tabata najua mnajipepea na magazeti. Shemeji hajambo? Mgongo umeacha kumsumbua? Na wewe, miguu bado inavimba kwa kusimama kituoni kila asubuhi? Sisi wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo ndilo limeniketisha kuandika.

Felista, kama bado hujatoa hela ya ile baiskeli ya umeme ya bei ndogo, usitoe. Najua mimi ndiye niliyekuambia kwenye simu uichukue, tena kwa sauti ya mtaalamu, kisa ujanani nilibeba ndizi kwa baiskeli mpaka Kiwira. Nafuta maneno yangu. Nakuandikia barua kwa sababu nyumba yetu ina masikio, na mwenye masikio hayo hapaswi kuisikia habari hii ikitoka kinywani mwangu. Utaelewa.

Ni hivi. Ackson wa dukani pale juu ana moja kama ile uliyonitumia picha, haina tofauti hata ya rangi. Nikaiazima Jumamosi iliyopita niijaribu kwa niaba yako. Loo! Ule mlima wa kwetu, ninaoupandaga nikiisukuma baiskeli huku nikijifanya nimeshuka kusalimia watu, niliupanda nimekaa kama askofu. Haitoi hata mlio. Nikajiona kijana. Hapo ndipo mtu wa umri wangu huharibikiwa.

Sasa kumbuka mambo ya kwetu, kama joto la Dar halijayayeyusha. Hellen, mke wa Emmanuel wangu, anashika mila barabara: yeye na mimi baba mkwe wake hatuonani uso, hatusemezani. Tangu aolewe sikuwahi kusikia sauti yake. Nikitokea, yeye hupisha. Na anajuaje kwamba natokea? Kwa ile baiskeli yangu kuukuu inayolia kama bata. Watu hunicheka kwa kutoutia mnyororo grisi, wakidhani ni uvivu. Uvivu upo, sikatai, lakini kelele ile ndiyo hodi yangu.

Basi nateremka kurudi nyumbani, kimya, nakata ile kona ya migombani. Hellen huyu hapa! Katikati ya njia, beseni la maharage kichwani, uso kwa uso na baba mkwe! Nikabana breki. Felista, breki ikalegea mkononi kama mlenda. Betri yenyewe ni ya zile nzito kama za gari, ikawa inanisukuma kutoka nyuma. Akili ikaniambia nifumbe macho kwa adabu, nami, kweli tena, nikafumba.

Ndipo nikasikia, "Baba! Kata kushoto! Ingia mgombani, baba!"

Nikakata. Mgomba ukanipokea, ukaanguka, nami juu yake. Nililala pale nimepigwa na bumbuwazi, na si kwa ajili ya goti. Ni ile sauti. Nzito, ya amri, kama ya marehemu mama akituita tutoke mvuani. Miaka yote hiyo sauti ile imo nyumbani mwangu, nami sikuijua!

Hellen akajifungia jikoni, hataki kula. Anamwambia mumewe amenivunjia heshima, anarudi kwao Kiwira mpaka wazazi wake waje na kuku wa kuomba radhi. Unaijua nyumba hii. Bila Hellen itaanguka kabla ule mgomba haujaoza. Wifi yako Agness, badala ya kunichua goti, akanishukia: "Mwenye kosa ni aliyepiga kelele, au aliyekuja kimya kama paka mwizi? Na wewe baba Emmanuel, macho unafumba, ulikuwa unasali?"

Nikamkamata jogoo wangu mwenyewe, nikampa Agness ampelekee mkwe. Majirani mpaka leo wameshika vinywa. Hawajaona baba mkwe akitoa kuku yeye. Lakini Hellen amebaki.

Nilipoirudisha baiskeli, Ackson alikagua kwanza usukani, kisha mimi. "Mzee, si nilikwambia breki hizo ni za tambarare?" Hakuniambia. Au aliniambia, nami nilikuwa nimeshakaa kama askofu.

Kwa hiyo subiri ujazie hela, uchukue ile nyingine ya bei kubwa, yenye breki za diski mbele na nyuma. Betri yake ni nyepesi na inachomoka. Utapanda nayo ghorofani ukaichaji, badala ya kuiacha chini wezi wakutunzie. Kabla ya kulipa, ijaribu kwenye mteremko, ukiwa na mzigo, macho wazi. Kisha funga kengele, tena kubwa. Huko Dar hakuna anayekukimbia kwa mila, lakini kila mtu hupenda kumjua anayemjia.

Mimi nimemrudia bata wangu. Sauti ile sijaisikia tena, na sikufichi, kuna wakati huwa naitegea sikio. Jana Emmanuel, kwa kulihurumia goti langu, alitoka na kopo la grisi aupake mnyororo uwe mwepesi. Nyuma ya jiko mtu akakohoa. Emmanuel akasimama. Kikohozi kikaja tena, kwa nguvu zaidi.

Emmanuel akairudisha grisi ndani.

Msalimie sana shemeji, na mjukuu wetu Lusungu mwambie babu yake bado ana mguu mmoja mzima. Agness na Emmanuel wanakusalimu. Ambwene anayekuletea barua hii ana ndizi zako pia. Ni za mgomba ule ule, kwa hiyo uzile kwa heshima. Ndaga fijo, asante sana. Mungu akutangulie njiani, nawe usimpite.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nikichechemea,

Ambilikile